Kabla hajawa jogoo alikuwa pora

LIKIZO ya Desemba iliyopita, jogoo wetu huko nyumbani Kitui nusura amtoboe mjukuu wangu jicho.

Mtoto ana miaka minne. Alikuwa amechutama karibu na jiko akiwatupia vifaranga punje za mtama. Jogoo akachomoka nyuma ya tangi la maji, bawa moja likiburura chini, manyoya ya shingo yamesimama, akamrukia kwa miguu yote miwili. Kipi, yaani ule mwiba ulio nyuma ya mguu wa jogoo, kilimchana juu kidogo ya jicho. Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tukamkimbiza zahanati, akasafishwa kidonda na kudungwa sindano ya pepopunda. Muuguzi hakushangaa hata kidogo. "Huyu ni wa tatu mwezi huu, Mwalimu," akaniambia. "Desemba ndio msimu wao."

Msimu? Tangu lini ukali wa jogoo ukawa na msimu, kama maembe ya Makueni?

Jioni akaja jirani yetu, bibi mmoja aliyeanza kufuga kuku mimi nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Alimpa mtoto pole, akaenda akasimama kando ya banda, akamtazama mshtakiwa kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza maswali mawili tu: "Huyu mlimkuza na ndugu zake wangapi? Na mzee wao yuko wapi?"

Majibu yalitutia aibu. Mwezi wa Mei tulikuwa tumenunua vifaranga wa kienyeji walioboreshwa. Madume wakatokea tisa, na wote tisa tukawaacha wakue pamoja, tukihesabu bei ya Krismasi. Mzee wao, jogoo wetu wa zamani, tulimuuza wiki ya kwanza ya Desemba kwa wale vijana wa pikipiki wanaobeba matenga ya kuku kwenda kuyapakia magari ya Nairobi.

Bibi alikuwa akizungumza Kikamba. Mkaza mwanangu ni mtu wa Siaya, basi mimi nikawa mkalimani. Nilipofika mahali pa wale madume tisa nikasema "mapora". Yeye, mwenye shahada mbili, akanikatiza kwa adabu: "Baba, pora ndio nini?"

Januari nikawauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili swali hilo hilo. Mmoja akajibu kwamba kupora ni kumnyang'anya mtu simu pale stendi. Nikauliza tembe. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: dawa ya kumeza! Hakuna aliyekosea, maana maneno hayo yana maana hizo pia. Ila kuku hakuwamo kabisa katika majibu yao.

Hebu tuwakumbushe basi. Kiswahili kilimgawa kuku kwa umri na kwa kazi yake. Akitoka kwenye yai ni kifaranga. Akikua, jike huitwa tembe mpaka siku atakapotaga. Akishataga ni koo, au mtetea, kwa ile kelele anayoipiga akitoka kiotani. Dume huitwa pora akiwa amekaribia kimo cha jogoo lakini hajaanza kuwika. Siku akiwika, ndipo anapoitwa jogoo au jimbi. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inalo neno pora, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 inalo. Sisi ndio tumelisahau, na siku hizi utamsikia hata afisa wa mifugo akisema "kajogoo kadogo" au akikimbilia Kiingereza.

Neno pora ni jina la muda. Halielezi rangi wala ukubwa, linaeleza kipindi, tena kipindi kifupi: baada ya miezi mitatu hivi dume hujitenga na jike kwa undu (kile kishungi chekundu cha kichwani) na kwa mkia, na kufikia mwezi wa tano au wa sita atakuwa ameanza kuwika na kupanda. Mfugaji mwenye neno hilo mdomoni anajua kwamba ana wiki chache za kuamua nani abaki, nani auzwe, nani aende chunguni. Asiye nalo anaona kuku tu, mpaka asubuhi moja anapoona majogoo tisa.

Maneno haya yana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Asili ya kuku wa kufugwa ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Wanaakiolojia wamechimbua mifupa ya kuku katika miji ya kale ya pwani yetu, kwa mfano Shanga kisiwani Pate, na Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali wa samli uliofunikwa kwa mchuzi wa nyama, samaki na kuku. Lakini jina la mgeni huyu wa Asia halikutoka Asia. Wabantu walimwita kwa sauti yao wenyewe: kuku kwa Mswahili, nguku kwetu Wakamba.

Jogoo naye vivyo hivyo. Sisi twasema nzokolo. Mtu asidhani ni maneno mawili tofauti. Kiswahili kina tabia ya kuiangusha l iliyokuwa katikati ya irabu: mvula ikawa mvua, njala ikawa njaa, na jogolo akawa jogoo. Wagiriama bado husema mvula mpaka leo. Sisi Wakamba tumeiangusha l hiyo katika mbua na nzaa, lakini tulipofika kwa jogoo tukaing'ang'ania. Sijui kama ni kwa kumwogopa!

Basi nzokolo na jogoo ni ndugu wa tumbo moja waliokutana tena ukubwani, njiani kati ya Kitui na Mombasa. Katika karne ya kumi na tisa Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa njia hiyo, wakiteremsha pembe za ndovu na kupandisha nguo, shanga na nyaya. Mkubwa wao upande wa Kitui alikuwa Kivui wa Mwenda. Ni kwake ambako mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao Rabai, alifika mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya akiwa huko huko Kitui. Vitabu vya shule humkumbuka kwa mlima. Mimi humkumbuka kwa kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, kazi ya mtu aliyesikiliza Kiswahili cha Mombasa huku masikio yake yakiwa yamejaa pia Kirabai na Kikamba. Aliporudi Ukambani mwaka 1851, msafara wake na Kivui ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivui akauawa, na Krapf akaponea chupuchupu. (Hapo ndipo kupora kwa wanafunzi wangu kunapoingia katika historia.)

Pwani hawakuwa na kuku wa aina moja. Hadi leo, Lamu na kwingineko katika mwambao hadi Tanzania, wapo kuku warefu wenye shingo tupu-tupu, miguu mikubwa na macho ya kujiona, waitwao kuchi. Wataalamu wa vinasaba wamewahusisha na kuku wa mapigano wa Asia ya mashariki. Kuchi hapiganishwi kila anapofugwa, wengi humfuga kwa ukubwa na bei yake, lakini ukali wake umo katika damu: vizazi kwa vizazi mtu fulani aliwachagua wakali wazae na wakali. Nalitaja hili kwa sababu moja. Kama ukali waweza kuchaguliwa ukazidi, upole nao waweza kuchaguliwa. Na ndivyo akina mama wa bara walivyokuwa wakifanya, bila kukiandika popote.

Mama yangu alikuwa na utaratibu wake. Pora wakishaanza kuota manyoya ya mkia, alikuwa akimwaga mtama uani asubuhi kisha anakaa juu ya kigoda akiwatazama, kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Sisi watoto tulidhani anapumzika. Alikuwa akimtafuta pora anayepata punje na, badala ya kuimeza, anaita majike waje waile. Huyo humwachi, alisema, hata akiwa mwembamba. Pora anayekimbiza wenzake mpaka nje ya boma alikuwa wa kuuzwa. Na pora aliyemkodolea mtu macho, akazunguka upande huku ameshusha bawa, huyo alikuwa mchuzi kabla kipi chake hakijafika urefu wa ukucha. Hakumpa nafasi ya pili. Kwa nyumba yetu, jogoo mkubwa alikuwa mmoja, na msaidizi mmoja aliyejua nafasi yake.

Elimu hii haikuhesabiwa na mtu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na jicho la ng'ombe tu. Mwaka 1938 ilipoamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, maelfu walitembea hadi Nairobi kulalamika wakiongozwa na Muindi Mbingu. Mbingu akakamatwa akahamishiwa Lamu. Kote huko katika barua na ripoti, ni ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Kuku walikuwa mali ya wanawake, na mali ya wanawake ilipita chini ya meza ya bwana DC bila kuandikwa.

Serikali huru ilipomkumbuka kuku, ilimkumbuka kwa kilo. Mnamo 1976 ulianza mpango wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, kwa msaada wa Uholanzi. Sehemu yake moja, ambayo wazee wengi wa vijijini bado wanaikumbuka, ilikuwa ya kubadilishana majogoo. Ulimpeleka wa kwako wa kienyeji, ukarudi na wa kizungu, kama vile Rhode Island Red mwekundu wa Marekani, ili vifaranga wa kizazi kijacho wawe wakubwa na mitetea yao itage zaidi. Na ili damu mpya ishike, ulitakiwa uwaondoe wa kwako wote.

Nia ilikuwa njema, na hesabu ya nyama haikukosewa. Wala sitasema Rhode Island Red ni mkali kuliko nzokolo wetu, hilo si kweli. Lakini tazama kilichotokea kwa yule mama wa kwenye kigoda. Jogoo aliyeletewa alikuwa amekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine, mbali, kwa vipimo vingine. Kazi yake ya kutazama ilikwisha siku hiyo. Mapora waliozaliwa nyumbani wakawa ziada, watu wa kungojea mnunuzi. Baadaye taasisi ya utafiti wa kilimo, iliyoitwa KARI na sasa KALRO, ikakusanya kuku wa kienyeji wa sehemu mbalimbali za nchi na kuwazalisha Naivasha, na kutoka hapo vifaranga walioboreshwa wakaenea kila kaunti. Ni kuku wazuri, mimi mwenyewe ninao. Lakini wanakuja ndani ya boksi la karatasi, mamia ya umri mmoja, bila mama wa kuwadonoa wakikosa adabu na bila mzee wa kuwatuliza.

Hapa ndipo maswali mawili ya bibi jirani yalipokuwa yanalenga. Mwaka 1921 mwanazuolojia wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwachunguza kuku tangu utotoni, alieleza kwamba kundi la kuku lina ngazi: kila mmoja anamjua anayeruhusiwa kumdonoa na anayepaswa kumpisha. Ngazi ikishatulia, vita hupungua, inatosha kuinua shingo tu. Ukimtoa wa juu, ngazi huvunjika na kila aliyebaki hujaribu kuipanda upya. Schjelderup-Ebbe alihitaji shahada ya udaktari kuyaeleza hayo. Bibi aliyaeleza kwa kuuliza mzee wao yuko wapi.

Na Desemba? Sasa msimu wa muuguzi unaeleweka. Bei ya Krismasi inapopanda, sote tunauza jogoo mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye kilo. Tunawaachia uwanja mapora wa miezi saba waliokua wakiwa wengi, damu inawachemka, mitetea haiwatoshi. Ushauri wa kawaida ni jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi. Sisi tulikuwa na tisa kwa kumi na wanne! Wiki hiyo hiyo wajukuu wanashuka kutoka Nairobi, Mombasa na Nakuru, sura ngeni, wanakimbia, wanapiga mayowe, wanawashika vifaranga wapigwe picha. Kwa jogoo, mtoto anayekimbia ni mpinzani aliyeshindwa, na mtoto aliyeshika kifaranga kinacholia ni mwizi.

Kuna jambo jingine, na hili ni la lugha yetu ya kisiasa. Tumemsifu jogoo kwa ukali wake mpaka tumesahau kazi zake nyingine. Kwa Kikikuyu njamba ni jogoo na ni shujaa. Mkaza mwanangu akanikumbusha kwamba kwa Kijaluo thuon ni hivyo hivyo, jogoo na jasiri. KANU ilipoundwa mwaka 1960 ikamchukua jogoo kuwa alama yake, na baada ya hapo Doonholm Road ikawa Jogoo Road, jengo la serikali likawa Jogoo House, na kwa miaka mingi kuwika kukawa na maana moja tu katika nchi hii. Sisi Ukambani, kwa haki ya historia, hatukuanza vizuri na jogoo huyo: katika uchaguzi wa 1963 wengi wetu tulikwenda na Paul Ngei na chama chake cha APP, kabla yeye mwenyewe hajarudi bandani mwaka huo huo. Mwaka 2002 jogoo aliposhindwa, watu waliimba mitaani kwamba amechinjwa.

Hata sarufi inashuhudia. Kiumbe hai katika Kiswahili huchukua upatanisho wa a-wa: jogoo anawika, majogoo wanawika. Lakini methali yasema, jogoo la shamba haliwiki mjini. Mbona la, mbona haliwiki? Walimu wengi husahihisha hapo kwa kalamu nyekundu, nao wanakosea. Huo ni ukubwa. Msemaji wa methali amemkuza jogoo, amemfanya jitu la kujitapa, ili kushuka kwake mjini kuonekane vizuri. Methali inamcheka. Methali nyingine inamcheka zaidi: awike asiwike, kutakucha. Wahenga wa pwani, waliomjua kuchi na mbwembwe zake, hawakumwabudu jogoo. Walimpa nafasi yake, yaani kazi ya alfajiri, kuita majike kwenye chakula, kupiga kelele mwewe akipita. Ukali ulikuwa kwa mwewe.

Turudi bandani. Mke wangu alikuwa ameshatoa hukumu jioni ile ile: kesho ni mchuzi. Bibi jirani akamuunga mkono, akisema aliyemgusa mtu hafugwi, wala mayai ya mitetea wake hayaatamiwi. Mimi, kwa ujeuri wa kisomo, nikaomba wiki mbili za kumrekebisha.

Nilimtenga katika kizimba chake. Nilipomkaribia, sikumkimbia wala kumpiga teke, maana teke kwake ni kukubali vita, na kukimbia ni kukubali kushindwa. Nilisimama tu mpaka akageuka yeye kwanza. Usiku, wakati kuku haoni vizuri na ni mtulivu, nilimtoa nikambeba kwapani nusu saa, nikimzungusha uani kama mtoto mwenye homa. Nilimpunguza ncha ya kipi kwa tupa, kidogo sana, kwa sababu ndani ya kipi mna nyama hai na damu. Majirani walipita njiani wakisalimu kwa sauti za kujizuia kucheka. "Umeshindaje, Mwalimu? Na mgonjwa?"

Siku ya kumi alikuwa akinipisha kama askari anavyompisha mkubwa wake. Nikafurahi, nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Alikuja na leso yake kiunoni na sufuria ya makombo mkononi. Jogoo hakungoja hata asalimiwe. Alimrukia mara mbili, sufuria ikaenda upande wake, makombo upande wake, na mimi nikabaki nimesimama pale na nadharia yangu.

Hilo nalo sikulisoma mahali, nimejifunza kwa gharama ya ndoa: jogoo aliyefunzwa humheshimu aliyemfunza, si binadamu wote. Angebaki, mtoto angemkuta hapo Aprili, mimi niko chuoni. Na kila yai lililoatamiwa katika miezi hiyo lingeleta mapora wenye damu yake. Tarehe 3 Januari alichinjwa. Mchuzi ulikuwa mgumu kidogo lakini mtamu. Mjukuu aliuliza kama huyu ndiye yule, tukamwambia ndiye, akala mapaja yote mawili.

Wale wanane waliobaki bibi alikuja kuwatazama mwenyewe. Alileta kigoda chake. Alimwaga mtama, akakaa, na safari hii mke wangu akakaa naye, na mkaza mwanangu akiwa na daftari. Mimi sikualikwa. Ilichukua asubuhi mbili. Mwisho wa yote wanawake wale hawakumchagua hata mmoja. Saba wakauzwa, na wa nane akaenda kwa bibi kwa ajili ya chungu. Naye bibi akatuletea ndani ya kiondo pora wa kwake, mwembamba, wa rangi ya majivu, mtoto wa mtetea anayemjua mpaka bibi yake. Nikacheka peke yangu: miaka hamsini baada ya mpango wa 1976, hapa Kitui tumebadilishana majogoo tena, ila mwelekeo umegeuka.

Nilisafiri nikamwacha akiwa kimya, akifuata mitetea kwa mbali na kupishwa na hata vifaranga. Kwa wiki kadhaa niliuliza kwa simu, nikajibiwa bado. Halafu Jumapili moja ya Februari, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi, nikapata ujumbe mfupi kutoka kwa mkaza mwanangu, aliyekuwa amebaki nyumbani na mtoto mpaka kovu likauke: "Baba, amejaribu. Sauti imekatika katikati, lakini bibi anasema si pora tena."